Uzito katika viwanda vya kusubu chuma
Katika viwanda vya kusubu chuma kinachoogopwa ni moto, lakini mgongo ndio huumia kimyakimya. Lita moja ya chuma kilichoyeyuka ina uzito wa karibu kilo 7. Lita 10 ni kilo 70, bila kuhesabu chombo cha kukibebea. Wabebaji wawili wakishika mipini ya chombo hicho, mmoja akijikwaa, uji huo wa nyuzijoto zaidi ya 1,300 za Selsiasi humwagika miguuni, na ukikuta sakafu yenye maji hulipuka. Kalibu za mchanga nazo huinuliwa kwa kuinama na kujipinda, mkao unaobana pingili za uti wa mgongo. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima, kiasi kikubwa mno kwa kazi ya kutwa. Winchi ya mnyororo hupunguza sehemu kubwa ya mzigo huo.