Tunaogopa Karata, Dau Tunaliacha

Mchezaji ana karata nane. Anachagua tano, zote kopa: ree, mfalme, tisa, saba na nne. Gemu inapiga hesabu: alama 41 za karata zenyewe na 35 za kukusanya kopa tano, jumla 76. Inazidisha mara 4, zinapatikana 304. Lengo la raundi lilikuwa 300. Amevuka kwa tundu la sindano, lakini hakuna aliyekula wala aliyeliwa. Hakuna dau, hakuna mpinzani, na hata angeshindwa asingepoteza senti.

Hiyo ndiyo Balatro, gemu ya Mkanada anayejiita LocalThunk, iliyotoka Februari 2024. Siku chache baadaye PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga umri wa wachezaji, uliipandisha kutoka miaka 3 hadi 18, na ikaondolewa kwa muda kwenye baadhi ya maduka ya mtandaoni. Kosa lake lilikuwa kutumia mipangilio ya karata za poka na kumweleza mchezaji inavyopangwa. Marekani, bodi ya ESRB iliiona gemu hiyohiyo inawafaa watoto wa miaka 10 na kuendelea.

Sasa tazama EA Sports FC 25, gemu ya mpira iliyopewa na PEGI alama ya miaka 3. Ndani yake kuna sehemu iitwayo Ultimate Team, ambako timu hujengwa kwa wachezaji wanaotoka kwenye pakiti. Pakiti unaweza kuipata kwa kucheza, au ukainunua kwa fedha halisi. Unaifungua: taa zinawaka, inatokea bendera ya nchi, kisha nafasi anayocheza, kisha nembo ya klabu. Moyo unadunda. Huenda akatokea nyota, ila mara nyingi hutokea mtu ambaye tayari unaye. Unatamani kufungua nyingine. Desemba 2024 LocalThunk alitania kwamba labda naye angeongeza ununuzi wa namna hiyo ili gemu yake ishushwe hadi miaka 3.

Kanuni iliyozaa kichekesho hiki haikutungwa na wajinga. Tangu 2020, PEGI huipa alama ya 18 gemu yoyote mpya inayofundisha au kuipamba kamari, hata kama ni ya kuigiza. Hofu iliyo nyuma yake ni ya kweli. Mtoto aliyezoea mlio wa mashine ya kamari kwenye simu hatashtuka akiukuta mtaani, na anayeshinda kila mara katika mchezo wa kuigiza anaweza kuamini kwamba dubwi la dukani nalo lina huruma. Picha hufundisha. Sibishani na hilo.

Ninachobishania ni mahali tulipouweka uzito. Barazani wazee hupigiana turufu tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, na aliyefungwa hulipa kwa kuchekwa tu. Stendi ya mabasi, kijana mwenye karata tatu juu ya boksi humaliza nauli ya mgeni kabla basi halijaondoka. Karata ni zilezile. Kinachotofautisha baraza na stendi ni fedha iliyowekwa na mwenye mchezo anayejua ataipataje. Si kila avaaye kanzu ni shehe, na si kila penye karata pana kamari.

PEGI haijafumba macho kabisa. Tangu 2020 kuna tangazo kwamba gemu inauza vitu vya kubahatisha, lakini kwa miaka kadhaa tangazo hilo halikupandisha umri. Kampuni nazo zina hoja: huonyesha uwezekano wa kupata kila aina ya mchezaji, na husema kilichomo kwenye pakiti hakigeuzwi kuwa fedha. Uholanzi, mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilifuta mwaka 2022 faini ya euro milioni 10 dhidi ya EA, kampuni ya gemu ile ya mpira, ikisema pakiti ni sehemu ya mchezo mpana wa ustadi. Ubelgiji ilishaamua kinyume mwaka 2018, na EA ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti. Majirani wawili, majibu mawili.

Australia ilijaribu kupatanisha. Tangu Septemba 2024, gemu mpya inayouza vitu vya kubahatisha hupewa angalau alama ya M, ambayo ni ushauri tu kwamba haiwafai walio chini ya miaka 15. Gemu yenye kamari ya kuigiza hupewa R18+, ambayo ni katazo la kisheria. Afadhali kuliko Ulaya ya wakati huo, lakini mizani bado imeinama upande uleule: mashine ya kuchora isiyomeza hata senti imebanwa kuliko sanduku linalomeza mshahara wa mzazi.

Mambo haya si ya Wazungu peke yao. Umri unaouona unapopakua gemu Google Play hutokana na IARC, mfumo ambao mtengenezaji hujaza dodoso na alama zikatoka kwa nchi nyingi kwa mpigo. Mzazi wa Tabora anayetazama tarakimu hiyo kabla ya kumkabidhi mtoto simu anategemea maswali yaliyotungwa mbali naye. Swali likiwa limepinda, jibu litamfikia limepinda.

Februari 2025 PEGI ilikubali rufaa, Balatro ikashushwa hadi 12, na ikaahidiwa kwamba vigezo vya kamari vitachambuliwa upya. Ni haki kwa gemu moja. Lakini marekebisho ya maana yangeanza na maswali mawili: je, fedha halisi inaingia? Je, anayelipa anajua anachonunua? Jibu la kwanza likiwa ndiyo na la pili hapana, hapo umri upande, hata kama kinachoonekana ni mpira na bendera. Picha za karata na mashine zifuate, kwa uzito wake.

Kabla hayo hayajaja, mzazi asiishie kwenye tarakimu. Asubiri siku mtoto atakapomjia na simu mkononi, akimwomba aweke namba ya siri. Hapo amuulize, "Unanunua nini?" Mtoto akijibu, "Sijui, mpaka nifungue," mzazi amepata alama ambayo lebo haikumpa.