Kocha Mgeni na Ndugu Wawili wa Muleba



Mwezi wa Mei 2025 tulipokea barua ya mama mmoja wa upande wa Kamachumu, wilayani Muleba. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la shule, na kwa idhini yake tunaizungumza hapa bila kumtaja jina. Mama huyu ana watoto wa kiume wawili, wote wana wake na watoto, na wote wanasali msikiti mmoja. Tangu Novemba 2024 walikuwa hawasemeshani. Ramadhani nzima walifuturu mbalimbali. Siku ya Idd mkubwa alikwenda kwa mama yake asubuhi, mdogo akaenda alasiri, na sinia la pilau likabidi litengwe mara mbili. Mwishoni mwa barua palikuwa na swali moja ambalo lilitushughulisha juma zima: "Huyo Ramovic ni mtu wa wapi, na wanangu wanamdai nini?"

Tulimjibu sehemu ya kwanza ya swali, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi. Sead Ramovic ni Mjerumani mwenye asili ya Bosnia, na ni kocha wa mpira wa miguu. Aliletwa Yanga Novemba 2024, baada ya klabu hiyo kuachana na Miguel Gamondi wa Argentina. Gamondi alikuwa amewapa ubingwa msimu uliotangulia na kuwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kisha akafungwa na Azam bao moja, akafungwa na Tabora United mabao matatu kwa moja, na kabla mwezi haujafika katikati vizuri akaonyeshwa mlango. Ramovic akaanza kwa kufungwa mabao mawili bila na Al Hilal ya Sudan jijini Dar es Salaam, Novemba 26. Mechi ya pili ya michuano hiyo, kule Algeria, akafungwa tena mawili bila na MC Alger.

Ilikuwa usiku ule wa Al Hilal, baada ya Isha, nje ya msikiti, ndipo ndugu wale walipopatana na ulimi. Mkubwa ni Simba. Akasema, kwa kicheko, kwamba Yanga wamefukuza bingwa wakaajiri mwanafunzi. Mdogo akajibu kwamba kocha hupewa muda, hata Simba walipomleta Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini mwanzoni mwa msimu watu walinung'unika, tena yeye alijaza kikosi wageni watupu. Hapo mkubwa alimtetea Fadlu kwa haki kabisa: sura zilikuwa mpya, lakini Jean Charles Ahoua alikuwa akifunga na Moussa Camara akidaka. Ndipo mdogo akasema neno ambalo halikuwa la mpira: "Ndiyo tabia yenu, kaka. Mnasajili watu wa nje, na waliojenga timu mnawaacha benchi."

Waliokuwapo hawakulielewa. Kaka yake alilielewa, kwa sababu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Muleba, na mwaka ule ule alikuwa amemwajiri mpwa wa mkewe kusimamia kaunta. Mdogo, aliyebeba mifuko ya saruji bila mshahara duka lilipofunguliwa, alikuwa amerudi kwenye kibanja cha mama kupalilia migomba.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu mabishano ya makocha yamekuwa chakula cha kila baraza katika mkoa wetu, kuanzia Kashai na Hamugembe hadi Nshamba, na tunadhani si yote ni mabishano ya makocha. Hasira nyingine ni ya mkeka uliochanika; kijana ameweka kwenye kamari fedha ya ada ya mtoto, na kosa lake analitwika mgongoni mtu ambaye hajawahi kufika Kagera. Juu ya uharamu wa kamari hatuna la kuongeza ambalo wasomaji wetu hawalijui. Hasira nyingine ni ya nyumbani, imevishwa jezi.

Lakini tusiwaonee mashabiki. Kujadili kocha si dhambi, na baraza la wazee wetu pale nje ya msikiti, wakitafuna kahawa na kubishana nani acheze pembeni, ni katika starehe chache zisizomgharimu mtu chochote. Tunalolalamikia ni namna ya kuhukumu. Na ushahidi hauko Dar es Salaam wala Ulaya. Uko Kaitaba.

Wasomaji wenye umri watakumbuka msimu wa 2016/17. Mecky Maxime, nahodha wa zamani wa Taifa Stars, alikuwa amekuja Kagera Sugar kutoka Mtibwa. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi likatupiga. Nyumba zikapasuka, familia zikalala nje, na kwa muda hapakuwa na aliyejali msimamo wa ligi. Mwezi uliofuata Yanga wakaja Kaitaba na kuondoka na ushindi wa mabao sita kwa mawili. Sita, nyumbani, mbele ya watoto wetu. Tunakumbuka maneno ya jioni ile: kwamba kocha hafai, kwamba ni wa timu ndogo, na mengine ya minong'ono ambayo si halali kuyaandika. Kama hukumu ingetolewa usiku ule, Mecky asingeuona mwaka mpya akiwa Bukoba.

Hakufukuzwa. Dirisha dogo lilipofunguliwa, timu ikamchukua golikipa Juma Kaseja, aliyekwisha kuzichezea Simba na Yanga na ambaye wengi walimhesabu kuwa ni wa jana. Wapo waliocheka: wamemsajili babu. Msimu ukaisha Kagera Sugar wakiwa nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba, na Mecky akatangazwa kocha bora wa ligi. Mwaka uliofuata, Mei 19, 2018, Simba walikuwa wanakabidhiwa kombe mbele ya Rais John Magufuli, hawajapoteza mechi hata moja. Kagera Sugar wakawafunga bao moja, likifungwa na Edward Christopher, na Simba walipopata penalti mwishoni, huyo babu akaupangua mkwaju wa Emmanuel Okwi.

Hatusemi kwamba subira huleta kombe. Kocha huyo huyo, msimu wa 2018/19, aliifunga Simba nyumbani na ugenini, nayo ikawa bingwa. Yeye akajikuta anacheza mechi za mchujo na Pamba ya Mwanza ili timu isishuke. Mpira una mambo yake. Tunasema tu kwamba aliyetazama mechi moja ya Oktoba hakuwa na elimu ya kutosha kutoa fatwa.

Sasa linganisheni na msimu wa 2024/25. Kabla ya msimu huo timu yetu ilimleta Paul Nkata kutoka Uganda, jirani zetu wa Mutukula. Yanga wakaja Kaitaba mwezi Agosti, wakashinda mbili bila. Wengi wa waliokuwa jukwaani siku ile walivaa kijani na njano, wakashangilia mabao yaliyofungwa dhidi ya mkoa wao, na jioni walewale wakasema Nkata hajui kazi. Msimu haujafika mbali, akaondoka. Akaja Melis Medo, Mmarekani ambaye si mgeni wa ligi yetu. Mwishowe timu ikawa mikononi mwa Kaseja, yule yule golikipa, sasa akiwa kocha. Walimu watatu katika ligi ya mechi 30. Mtoto akibadilishiwa mwalimu wa hesabu mara tatu katika mwaka mmoja, mzazi atakwenda shuleni kuuliza. Kagera Sugar wakashuka daraja msimu huo, na walioshangaa walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakinunua tiketi.

Wala hatudai kwamba kila kocha aliyeondoka alionewa. Uongozi una macho ambayo sisi hatuna. Huona mazoezi, huona nidhamu, huona hesabu za fedha. Ila hoja hiyohiyo inamkata shabiki: kama yule anayeona mazoezi kila asubuhi anaweza kukosea, sisi tuliotazama dakika tisini kwenye kibanda cha video, tena kwa kusukumana, tunaupata wapi uhakika huu?

Kuna jambo la usajili ambalo barazani husahauliwa kila mara. Kocha anayekuja mwezi wa Septemba hakuchagua mchezaji hata mmoja. Amekuta chungu kimeshapikwa, naye anaulizwa kwa nini kimezidi chumvi. Klabu ya kiwanda cha sukari haina mfuko wa Simba, Yanga au Azam, na mara mchezaji wake anapong'ara msimu mmoja huwa ameshapigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Basi mwalimu wa Kaitaba huanza upya karibu kila mwaka. Ukimpima kwa mechi nne, umepima wachezaji wanaojifunza majina yao. Tungependa anayesema "kocha hafai" aulizwe kwanza nani alisajili, lini, na kwa fedha ipi. Akishindwa kujibu, tumpe kahawa tu aendelee kutafuna.

Suratul Hujurat, ambayo wengi wetu tuliisoma chuoni tungali wadogo, imezikataza katika aya moja dhana mbaya, kuchunguzana na kusengenyana. Mara nyingi tumesikia mawaidha yake yakielekezwa kwa akina mama wanapokwenda kisimani. Tungefurahi siku moja tuyasikie yakielekezwa kwa akina baba mapumziko ya kipindi cha kwanza yanapofika.

Na Ramovic? Baada ya vipigo vile viwili timu yake ilianza kushinda, tena kwa mpira wa kasi, na waliomwita mwanafunzi wakaanza kumwita profesa. Februari 2025 akaaga kwa hiari yake, akaenda kufundisha CR Belouizdad ya Algeria. Novemba watu walitaka afukuzwe. Februari walikasirika kwamba ameondoka. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, timu ilikuwa kwa Miloud Hamdi na Ramovic alikuwa ng'ambo ya Sahara, huku Kamachumu ndugu wawili wa tumbo moja wakipishana mlangoni mwa msikiti bila salamu kwa sababu yake.

Jumatano ya Juni 25 tulifunga safari. Tulipanda gari la abiria kutoka Bukoba, tukashuka Muhutwe na kupanda bodaboda hadi kwa mama yule. Kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye turubai uani, na mdogo alikuwa anaigeuza kwa mikono. Redio ilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Siku ile Yanga na Simba walikuwa wanacheza ile mechi iliyoahirishwa tangu Machi, ya kuamua bingwa.

Tulizungumza naye huku akigeuza kahawa. Alikiri kwamba lile neno la benchi alilipanga siku nyingi, akawa anatafuta pa kulitua, na mpira ukampa nafasi. Tukamuuliza kama aliwahi kumwambia kaka yake waziwazi kwamba aliumia juu ya kazi ya duka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilidhani anajua." Tuliporudi ndani, mama alitutilia chai na kusema kwa Kihaya cha taratibu kwamba na mkubwa naye humwambia hivyo hivyo: alidhani mdogo wake hakutaka kazi ya kaunta, kwa kuwa hakuiomba. "Waitu," akasema, "mimi nimezaa mabubu wawili wanaojua kubishana."

Hatukuwa tumemwita mkubwa. Hilo tunalisema ili msomaji asidhani tulipanga. Alikuja mwenyewe jioni, kwa pikipiki, kuleta magunia ya kahawa ambayo mama alimwagiza. Alitusalimia sote kwa salamu moja ya jumla, kama afanyavyo mtu anayemkwepa mmoja. Akayatua magunia karibu na turubai. Redio ilikuwa imezimwa, maana mpira ulikuwa umekwisha na betri za mama hazichezewi. Akasimama pale, akafungua kamba ya gunia la kwanza, akaifunga tena. Kisha akauliza, akiwa ameielekea kahawa:

"Ngapi?"

Mdogo hakuinua kichwa. "Mbili bila."

"Nani kafunga?"

"Pacome, kwa penalti. Na Mzize."

Mkubwa akaguna. Akachuchumaa upande wa pili wa turubai, akashika mdomo wa gunia na kuuachamisha, na mdogo akaanza kumiminia kahawa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Alitutazama, akaingia ndani, na tukamsikia akitoa vikombe.