Kabla Sukari Haijapanda

Mtu anaweza kukaa miaka mingi na usugu wa insulini huku kipimo chake cha sukari cha asubuhi kikisoma milimoli 5.2 kwa lita na yeye akiambiwa kila kitu ni sawa. Mzigo wote umebebwa na kongosho. Misuli, ini na mafuta ya mwili vinapoacha kuitikia insulini ipasavyo, kongosho huzidisha kiasi linachotoa mpaka sukari irudi mahali pake. Kisukari cha aina ya pili hugunduliwa kongosho likishashindwa, sukari ya kabla ya kula ikafika 7 au zaidi. Muda wote wa kabla ya hapo damu ilikuwa na insulini kupita kiasi, na muda huo ndio unaohusika zaidi na saratani ya utumbo mpana. Hoja ya makala hii imesimama hapo: anayengoja sukari ipande ameshachelewa.

Insulini haishughuliki na sukari peke yake. Ni homoni ya ukuaji pia: huziamuru seli zigawanyike, na huzizuia zisife wakati wake ukifika. Usugu nao hauenei sawasawa mwilini. Njia ya kuingiza sukari kwenye misuli hudhoofika, ilhali amri ya kukua huendelea kupokelewa vizuri na tishu nyingine, utando wa ndani wa utumbo mpana ukiwamo. Utando huo hujifanya upya kila baada ya siku chache, hivyo seli zake hazipumziki kugawanyika. Insulini ikiwa nyingi, ini hupunguza protini zinazoifunga homoni nyingine ya ukuaji, IGF-1, nayo hubaki huru kuongeza msukumo uleule. Seli iliyokwisha kuharibika jeni zake hupata nafasi ya kuzaana, kikatokea kinyama kidogo ukutani mwa utumbo. Vinyama vingi havigeuki kuwa saratani. Vinavyogeuka huchukua takribani miaka kumi au zaidi, na muda huo mrefu ndio unaofanya kinga iwezekane.

Wazo hili lilitolewa na watafiti wawili, kila mmoja kwa njia yake: Gail McKeown-Eyssen wa Kanada mwaka 1994, na Edward Giovannucci wa Marekani mwaka 1995. Walichokiona ni kwamba mambo yanayoleta usugu wa insulini, yaani kitambi, kukaa kitako mchana kutwa na vyakula vilivyokobolewa, ndiyo yaleyale yanayoandamana na saratani ya utumbo mpana. Ushahidi ukafuata. Panya waliodungwa insulini walipata mabadiliko ya awali ya saratani kwa wingi zaidi. Mwaka 2004 ulitoka uchunguzi wa damu ya madaktari wanaume wa Marekani, iliyokuwa imehifadhiwa kwa miaka. Ulipima C-peptidi, alama inayoonyesha kongosho linatoa insulini kiasi gani. Waliokuwa na kiwango cha juu kabisa walipatwa na saratani hiyo karibu mara 2.7 ya wale wa kiwango cha chini kabisa, na tofauti hiyo haikufutika hata uzito wa mwili ulipozingatiwa. Kwa wenye kisukari, majumuisho ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha hatari inayozidi kwa takribani asilimia 30.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi miaka ya 1960, alishangazwa na uchache wa saratani ya utumbo mpana miongoni mwa wakulima waliokula vyakula visivyokobolewa. Mwaka 1971 alieleza kwamba kinga yao ilitokana na nyuzinyuzi. Maelezo yake hayapingani na ya insulini. Chakula chenye nyuzinyuzi hupandisha sukari polepole, kongosho halilazimiki kumwaga insulini kwa mkupuo, na bakteria wa utumbo huzigeuza nyuzinyuzi hizo kuwa butireti, chakula cha utando wenyewe. Leo dona imepisha sembe katika nyumba nyingi, soda inauzwa kila kona, na safari iliyokuwa ya miguu inapandiwa bodaboda. Ile kinga aliyoiona Burkitt haikuwa ya damu wala ya kabila, na inaondoka pamoja na mazoea yaliyoileta.

Tahadhari nayo inahitajika. Insulini haianzishi saratani peke yake, na unene huleta pia uvimbe wa muda mrefu na mabadiliko ya homoni nyingine ambayo ni vigumu kuyatenga. Huko Japani, jaribio lililochapishwa mwaka 2016 liliwapa metfomini, dawa ya kisukari, kwa kiwango kidogo watu wasio na kisukari waliokwisha kuondolewa vinyama. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 38 yao walikuwa na vinyama vipya, dhidi ya asilimia 57 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo haya yanatia moyo, lakini jaribio lilikuwa dogo na la muda mfupi. Si ruhusa ya mtu kwenda kujinunulia metfomini duka la dawa.

Kinachoweza kufanywa hakingoji mashine. Tepu ya kawaida ikizungushwa kiunoni inatosha kuanzia: sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ndiyo mipaka inayotumika kwa Waafrika, ingawa imeazimwa kutoka kwa Wazungu na inastahili kupimwa upya huku kwetu. Ngozi ya shingo na makwapa iliyogeuka kuwa nene na nyeusi kama mahameli ni dalili nyingine ya usugu wa insulini, na mara nyingi husuguliwa kwa sabuni ikidhaniwa ni uchafu. Kutembea baada ya kula huifanya misuli ichukue sukari bila kuhitaji insulini nyingi. Katika kliniki za kisukari mgonjwa hukaguliwa miguu, macho na figo. Utumbo nao uingie katika orodha hiyo: aulizwe kama choo chake kimebadilika, kama ameona damu, kama ndugu yake wa damu aliwahi kuugua saratani hiyo. Na damu ikionekana, isihesabiwe kuwa bawasiri mpaka utumbo wenyewe uwe umechunguzwa.