Usingizi wa upasuaji nao uwe ndani ya bima

Mhariri,

Shangazi yangu alipangiwa upasuaji wa ngiri. Hospitali ilipokea kadi yake ya bima ya taifa kwa upasuaji, kitanda na dawa. Asubuhi yenyewe, akiwa ameshavaa gauni na hajala tangu usiku, tukaambiwa daktari wa usingizi hapokei bima, tulipe taslimu.

Mgonjwa hajichagulii daktari huyo, hupangiwa. Naye ndiye anayelinda pumzi na mapigo ya moyo hadi mgonjwa azinduke.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika kuitekeleza, naiomba serikali ihakikishe bima inayolipia upasuaji inalipia na nusu kaputi, na hospitali ziseme ukweli siku ya kupanga tarehe.

Msomaji wako,
Morogoro