Ardhi ya Umma si Bidhaa ya Mnada



Apandaye kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho hukutana na mashamba makubwa ya kahawa kabla ya kuvifikia vihamba vya wananchi. Mpangilio huo una historia yake. Tangu zama za Wajerumani, walowezi walitwaa ardhi iliyo chini ya vihamba, wenyeji wakabaki wamebanwa baina ya msitu wa juu na shamba la mgeni. Mwaka 1973 Serikali ilitaifisha mengi ya mashamba hayo, yakawekwa mikononi mwa ushirika na vijiji. Soko la kahawa lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, baadhi yakakodishwa kwa makampuni.

Leo, chama kikielemewa na madeni, husikika shauri lile lile: shamba liuzwe. Wenye shauri hilo wana hoja. Deni ni haki ya mtu na dini yetu yahimiza lilipwe. Tena shamba lililogeuka pori halimfai yeyote. Hoja twaikubali, tiba yake twaikataa. Shamba lililokodishwa hurejea mkataba ukiisha, lililouzwa halirejei. Deni ni la kizazi kimoja, ilhali shamba ni la vizazi vyote, na kihamba kimekwisha kugawanywa hata mjukuu hana pa kuchimba msingi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sisi Waislamu neno udhamini hatulioni geni, kwani ni amana. Mwenye kushika amana huitunza. Hajilipii madeni kwayo.

Tuna mfano bora zaidi. Sahaba Abyad bin Hammal alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib, kule Yemen, naye akampa. Alipoondoka, mtu mmoja akaeleza kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, watu wote huitegemea. Mtume (S.A.W.) akaitwaa tena. Ikiwa mbora wa viumbe alirejea katika uamuzi wake kwa maslahi ya umma, mwenyekiti gani wa leo ataona haya kufuta mkataba uliokosewa?

Basi tufanye nini? Kwa ardhi ya kijiji, halmashauri haina ruhusa ya kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa shamba la ushirika, wenye neno ni wanachama. Mikutano hiyo tusiihudhurie kwa kuwakilishwa. Tuombe muhtasari usomwe, mkataba uonyeshwe, deni lielezwe lilikopwa na nani na kwa kazi gani. Akina mama, mnaobeba majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare hadi mlimani, nanyi mna kura sawa na waume zenu, msiiache nyumbani.

Mtume (S.A.W.) ameonya kuwa anayedhulumu hata shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Ikiwa hiyo ni shibiri ya mtu mmoja, tutafakari uzito wa ekari za kijiji kizima. Na anayenyoosha mkono kuafiki dhuluma hiyo asijidhanie yu salama.

Wabillahi Tawfiq.