Weupe wa Karatasi Si Usafi Wake

Barua ya juma hili imetoka Kurasini, kwa mama mmoja ambaye ameomba jina lake lihifadhiwe. Anaeleza kwamba mwezi uliopita, katika kubana matumizi ya nyumba, alinunua karatasi za msalani za rangi ya kijivu, zile zitengenezwazo kwa karatasi chakavu, akaacha zile nyeupe zenye maua alizozizoea. Baba watoto alipoziona aliuliza kama nyumba imefilisika. Na kwa kuwa mama mkwe alikuwa njiani akitokea Pangani, bwana yule alitoka usiku ule ule, akarudi na pakiti ya roli kumi nyeupe pe. “Ndugu,” anauliza mama yetu, “je, nilikosa? Ni kweli kwamba karatasi ya kijivu ni chafu?”

Hukukosa, mama. Lakini kwa kuwa baba watoto naye husoma ukurasa huu, haifai nikuunge mkono bila ya kutoa hoja. Tuanze na karatasi yenyewe.

Karatasi ni nyuzi nyembamba za mti zilizoloweshwa, zikatandazwa, zikakaushwa. Ndani ya mti, nyuzi hizo zimeshikanishwa na kitu kigumu mithili ya gundi, kiitwacho lignini. Kiwandani, vipande vya mti hupikwa kwa dawa kali ndani ya mapipa makubwa ya chuma hadi gundi hiyo iyeyuke. Katika mpiko huo karibu nusu tu ya uzito wa ubao mkavu ndiyo hubaki kuwa nyuzi. Nazo hazitoki na weupe. Hutoka na rangi ya kahawia, rangi ile ile ya mfuko wa saruji. Ndugu zetu wa Mgololo wilayani Mufindi, ambako kiwanda cha karatasi kilianza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwa kutegemea misonobari ya shamba la Sao Hill, wanaifahamu vyema rangi hiyo.

Weupe, basi, ni pambo la kuongezwa baadaye. Kwa miaka mingi viwanda vya dunia viliutafuta weupe huo kwa gesi ya klorini. Katika miaka ya 1980 wataalamu waligundua kwamba majitaka ya viwanda hivyo yalichukua sumu iitwayo dioksini, ambayo hujificha katika mafuta ya samaki na ya viumbe wengine, hudumu humo kwa miaka mingi, na huweza kuleta saratani. Tangu hapo viwanda vingi vimeiacha gesi hiyo. Baadhi hutumia klorini dioksidi, ambayo madhara yake ni madogo zaidi, na wengine hutumia oksijeni na dawa nyingine zisizo na klorini kabisa. Kwa hiyo sitasema kwamba karatasi nyeupe ya leo ni sumu. Nasema tu kwamba weupe wake haukuletwa na usafi. Uliletwa na dawa, na gharama ya dawa hiyo imo katika bei unayolipa dukani.

Na ile ya kijivu je? Karatasi chakavu huingizwa katika pipa kubwa lenye maji, lenye visu vinavyozunguka kama mashine ya kusagia juisi, ikawa rojo. Kisha hutiwa sabuni na kupulizwa hewa. Wino hupanda juu pamoja na povu, ukakombwa. Rojo hilo huchujwa, likatandazwa, likapitishwa juu ya silinda la chuma lililopashwa kwa mvuke hadi likauke kabisa. Ule ukijivu ni chembe za wino zilizogoma kutoka. Karatasi haichukuliwi jalalani ikaletwa moja kwa moja msalani kwako. Hata hivyo kila siku twabeba mayai katika trei za kijivu zilizofinyangwa kwa magazeti na maboksi ya kale, na sijapata kusikia mtu aliyelikataa yai kwa sababu ya rangi ya trei.

Lipo neno moja la Kiingereza linalowapotosha wengi. Pakiti nyingi zimeandikwa kwa fahari “100% virgin pulp”, na mnunuzi hudhani kwamba ameahidiwa usafi wa pekee. Maana yake ni kwamba nyuzi zote zilizomo ni mpya, hazijawahi kuwa karatasi kabla. Yaani mti umekatwa, umepikwa, umeng'arishwa, umesafirishwa, ili utumike mara moja kwa muda usiozidi dakika, kisha uzame shimoni.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Nyuzi za karatasi hufupika kila zinaporudi kiwandani, na baada ya safari tano hadi saba huwa fupi mno hata haziwezi kushikana. Hivyo dunia haiwezi kuishi kwa karatasi chakavu peke yake. Lazima nyuzi mpya ziingie. Swali ni ziingilie wapi. Zikiingia katika daftari la mtoto, katika kitabu, au katika boksi, zitarudi: daftari litakuwa boksi, boksi litakuwa trei la mayai. Karatasi ya msalani hairudi. Ndiyo kituo cha mwisho cha nyuzi, na kituo cha mwisho kinawafaa wazee waliokwisha maliza kazi zao nyingine. Kumpeleka kijana huko siku ya kwanza ya ajira yake ni israfu isiyo na udhuru.

Tupige hesabu kidogo. Nyumba ya watu sita inayomaliza roli mbili kwa juma hununua roli 104 kwa mwaka. Sisemi kwamba nyumba zote ni hivyo. Hesabu za kwako unazijua mwenyewe. Lakini chukua tofauti ya bei baina ya roli nyeupe na ya kijivu katika duka la mtaani kwako, uizidishe kwa idadi yako ya mwaka, kisha umwoneshe baba watoto jibu. Hesabu ya namna hiyo huwafikia wanaume upesi kuliko habari za misitu.

Sasa nirudi kwenye barua, maana ina mkia ambao mwandishi wake ameuweka mwishoni kana kwamba si kitu. Mama mkwe aliwasili salama, akaoneshwa msala na pakiti yake nyeupe ya maua. Akatazama huku na huko, akauliza: “Mkwe wangu, kopo liko wapi?” Siku zote tisa alizokaa, hakugusa hata kipande kimoja.

Watu wa pwani yetu walikuwa wakijisafisha kwa maji kabla karatasi ya msalani haijauzwa dukani popote Marekani, jambo lililoanza mwaka 1857. Maji husafisha vizuri zaidi, mradi mikono ioshwe kwa sabuni baadaye. Anayetumia maji huhitaji kipande kidogo tu cha karatasi cha kujikaushia, au kitambaa chake mwenyewe kinachofuliwa na kuanikwa juani. Najua nitajibiwa kwamba maji ya mjini hayaaminiki, na waliopitia mgawo wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, hawajasahau foleni za ndoo. Ni kweli. Ila kopo moja si ndoo, na nyumba isiyoweza kuweka akiba ya kopo moja kwa mtu haiwezi kuosha mikono pia. Hapo taabu imekwisha kuwa kubwa kuliko karatasi.

Lisiletwe hapo gazeti kuwa badala. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika, na vipande vya gazeti vilivyotungikwa kwenye msumari ukutani. Shimoni havikuwa na neno. Lakini katika vyoo vya kuvuta maji karatasi ya gazeti haivunjiki upesi kama ile laini. Hujikunja bombani, na fundi bomba akipata kazi hatoi shukrani kwa mwenye gazeti, hudai malipo. Vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto ni vibaya zaidi, kwani vingi vimefumwa kwa nyuzi za plastiki. Na nepi za kutupa, ambazo ndani zimejazwa nyuzi za miti na nje zimefunikwa plastiki, zastahili makala yake peke yake. Kwa leo niseme tu kwamba nepi ya kitambaa bado inafuliwa.

Tutoke msalani twende jikoni, ambako ninalo la kuungama kwa niaba ya gazeti hili. Kurasa hizi unazozisoma leo Jumapili, huenda kesho asubuhi zikawa zimefunga maandazi. Mwandishi hujifariji kwamba ameendelea kuwa na manufaa kwa umma, lakini desturi hii yafaa iachwe. Wino wa magazeti huchanganywa na mafuta, aghalabu ya asili ya petroli, na hayo huhama kwa urahisi yanapokutana na chakula cha moto chenye mafuta. Andazi lililotoka kaangoni ndicho chakula hasa cha namna hiyo. Tazama siku moja herufi zilizojipiga chapa kinyumenyume juu ya kitumbua, nawe utajua kilichobaki kiko wapi. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya India, nchi yenye mazoea kama yetu, iliwaonya wananchi wake waache kufunga chakula katika magazeti.

Na hapa sina budi kuipunguza sifa niliyoipa karatasi ya kijivu. Kwa kuwa hubeba mabaki ya wino, haifai kugusana na chakula chenye mafuta. Usikamulie sambusa kwa karatasi ya msalani, iwe ya kijivu au nyeupe, ingawa nimeona ikifanywa katika nyumba za heshima. Chujio la waya juu ya bakuli hukamua mafuta vizuri, na mafuta yenyewe hurudi kaangoni badala ya kutupwa pamoja na karatasi. Kwa mama lishe na muuza maandazi, jani la mgomba lililooshwa lina sifa njema kuliko ukurasa wa michezo. Mteja naye anaweza kwenda na bakuli lake, kama tulivyokuwa tukitumwa utotoni.

Risiti nyeupe za mashine, zile ambazo maandishi yake hufifia zikikaa juani, zisichanganywe kabisa na karatasi za kuuzia wanunuzi wa makaratasi chakavu. Nyingi zimepakwa dawa ziitwazo bisfenoli. Mojawapo ya dawa hizo imezuiwa katika karatasi za namna hiyo kwenye nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2020. Tena zisichezewe na watoto.

Tishu za mezani sitazizungumza sana. Leso ya kitambaa ipo, hukaa mfukoni, hufuliwa pamoja na shati. Meza iliyomwagikiwa na chai haihitaji karatasi. Shati la zamani la baba, likikatwa vipande vinne na kupindwa, litapangusa meza kwa mwaka mzima. Mtu akitaka tishu za harusini aweke, arusi ni siku moja.

Kuhusu mifuko, tangu plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi wamekimbilia ile mifuko laini ya rangi rangi inayoitwa mbadala. Ijapokuwa hushikika kama kitambaa, nayo imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Mfuko wa kaki ni bora, ukitumiwa tena na tena hadi uchakae, lakini sioni sababu ya kikapu cha ukindu kubaki kuwa pambo la kuuzia watalii.

Basi mtu afanyeje akiwa dukani? Atafute kwanza neno “recycled”, maana yake nyuzi zilizokwisha tumika. Akiona alama ya mti ulioambatanishwa na alama ya vema, kama ile ya mwalimu katika daftari, pamoja na herufi FSC, ajue kwamba miti hiyo imevunwa kwa utaratibu unaokaguliwa. Alama hiyo si ngeni kwetu: vijiji vya Wilaya ya Kilwa vilipata cheti chake mwaka 2009 kwa kuitunza misitu yao ya asili ya mpingo. Lakini asome na neno lililo chini yake, kwani “mix” ni mchanganyiko, na mchanganyiko huficha mengi. Kisha aishike roli mkononi na kuibonyeza. Roli nyingi nene zimesokotwa kilegevu, zimejaa hewa, na kibomba cha boksi katikati kimepanuliwa hata mkono wa mtoto unapita. Idadi ya vipande, ikiwa imeandikwa, ndiyo ya kulinganisha na bei, wala si unene. Zile zenye manukato na maua zina rangi na dawa zisizosafisha chochote. Watu wenye ngozi nyepesi huwashwa nazo.

Ama roli kumi za baba watoto, zimekwisha nunuliwa, na kuzitupa kungekuwa kosa la pili. Zitumieni hadi mwisho, pole pole, huku kopo likiwa mahali pake. Vile vibomba vya katikati msivitupe. Vijazwe udongo wenye mbolea, vipandwe mbegu ya mpapai, kimoja kimoja, na miche ikifika kimo cha kiganja ipandwe uani pamoja na kibomba chake. Boksi litaoza lenyewe ardhini, na mizizi haitaguswa.