Rungu Kwanza, Sindano Baadaye

Julai 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto wa nchi nzima dhidi ya surua, rubela na homa ya matumbo, na maswali niliyoyasikia hapa Kakamega, sokoni na kwenye vituo vya boda boda, yalikuwa yale yale ya chanjo ya corona ya 2021. Imeletwa na nani? Mbona ni ya bure? Haraka hii yote ni ya nini? Miezi michache kabla ya hapo yalikuwa yameulizwa hata juu ya ng'ombe. Rais William Ruto alipotangaza mpango wa kuchanja mifugo mwishoni mwa 2024, upinzani ulikuwa mkali hadi ikabidi serikali ieleze kwamba hakuna mfugaji atakayelazimishwa. Wafugaji hawa si wageni kwa daktari wa mifugo wala kwa josho. Shaka iliyoanzia kwenye mkono wa binadamu ilikuwa imefika zizini.

Ndiyo maana toleo hili linarudi kwenye corona, ingawa wengi wangependa tuizike na kusahau. Nasema waziwazi kwamba kuchanjwa wakati wa janga ni wajibu wa mtu kwa jirani yake. Lakini wajibu hauwezi kudaiwa na yule ambaye jana hakukuonea huruma. Sisi tulianza kwa kudai, huruma tukaiahirisha, na hasara yake bado tunaibeba.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Kafyu ilipoanza, mwisho wa mwezi huo, mvulana wa miaka 13, Yassin Moyo, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, Nairobi. Hapa Kakamega, shirika la Human Rights Watch liliripoti kifo cha mchuuzi wa nyanya aliyepigwa na mkebe wa gesi ya kutoa machozi, polisi walipokuwa wakiwatawanya watu. Karantini, ambayo ilipaswa kumlinda mgonjwa na jamaa zake, iligeuzwa adhabu: waliokamatwa usiku walipelekwa humo, na waliomaliza siku zao wakazuiwa kutoka hadi walipe gharama. Aprili, katika kaunti ya Siaya, mtu alizikwa usiku wa manane bila jeneza, na watu waliovaa nguo nyeupe za kujikinga, picha zikaenea simu kwa simu hadi vijijini kwetu.

Asiyetoka huku huenda asielewe picha hizo zilichoma kiasi gani. Kwetu mazishi hayaishi siku moja. Marehemu hurudi nyumbani, hulala uani pake usiku wa mwisho huku ndugu wakikesha. Kwa Waisukha na Waidakho, isukuti hupigwa. Anayemdai marehemu husimama akasema anadai nini, na aliyekopeshwa naye hujitaja, ili asizikwe na mzigo wa mtu. Siku kadhaa baadaye ukoo hukaa tena, waliofiwa hunyolewa, mali na wajane huzungumziwa. Juni 2021, kirusi cha Delta kilipoingia na hospitali za Kisumu zikafurika, kaunti 13 za Magharibi, Nyanza na majirani zao, Kakamega ikiwamo, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Amri ikatolewa pia: mazishi yafanywe ndani ya saa 72, watu wasizidi 50.

Kitabibu amri ile ilikuwa sahihi. Matanga yetu hukusanya mamia, na yalisambaza ugonjwa. Kasoro ilikuwa njia iliyotumika. Liguru wa kijiji, mtu anayejua kila boma na kila kaburi, alipata habari redioni sawa na wewe na mimi. Hakuna aliyekaa na wazee kuwauliza: katika haya yote, lipi haliwezi kuachwa, na lipi linaweza kusubiri mwaka ujao? Wangejibu. Wazee wetu wamewahi kuahirisha mengi, wakati wa njaa na wakati wa vita. Badala yake lori la polisi lilifika uani mwa waliofiwa.

Sasa mweke mfiwa huyo huyo mbele ya sindano.

Shehena ya kwanza, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca kupitia mpango wa COVAX, ilitua Nairobi Machi 2021, na tarehe 5 Dkt. Patrick Amoth, kaimu mkurugenzi mkuu wa afya, akawa wa kwanza kudungwa hadharani. Mwezi huo huo nchi kadhaa za Ulaya zilisitisha chanjo hiyo kwa sababu ya damu kuganda, na Denmark ikaishia kuiacha kabisa. Watu wetu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza. Jibu walilopewa na wengi lilikuwa fupi: ni salama. Jibu la heshima lingekuwa refu kidogo: madhara hayo yapo, huwapata watu wachache mno, dalili zake ni hizi, ukiziona kimbia hospitali, na hatari ya corona kwa mtu wa umri wako inayazidi kwa mbali. Hata mfuko wa fidia ulikuwepo, ulioundwa chini ya COVAX kwa nchi 92, Kenya ikiwamo, kwa ajili ya yule ambaye chanjo ingemdhuru vibaya. Sikumsikia hata mtu mmoja akiutaja kwenye baraza la chifu. Tuliogopa kwamba ukweli wote ungewatisha watu, kumbe nusu ya ukweli ndiyo iliyowatisha.

Senge yangu, dadake baba, alikuwa amepita miaka sabini na alikuwa na kisukari. Nilienda kwake nikiwa na hoja zangu zote. Alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, kisha akasema: "Mwana wefwe, hawa walituletea rungu kwanza. Leo wameleta sindano. Niambie, roho yao imebadilika lini?" Sikuwa na la kumjibu. Aliyemfikia alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mama jirani ambaye miaka yote alikuwa akipita kumpima sukari na kuangalia vitabu vya kliniki vya wajukuu. Alimwambia, "Senge, nilidungwa wiki iliyopita, mkono uliuma siku mbili na homa ilinishika usiku. Twende, na usiku nitakuja kulala kwako." Akaenda kulala kweli, na panadol mfukoni. Sijaona wizara yoyote ikiandika mpango bora kuliko huo.

Sisemi haya ili kumwondolea mtu mzigo wake. Wapo waliosema mwili ni wangu, niacheni. Mwili ni wako, kweli, lakini pumzi unayoitoa ndani ya matatu ya Mumias si yako peke yako. Dkt. Doreen Lugaliki, binti wa huku Magharibi, alifariki Julai 2020, daktari wa kwanza nchini kuuawa na corona. Desemba ikaja zamu ya Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa corona bila kulipwa mishahara yake na bila bima. Hao hawakuwahi kupata nafasi ya kuchagua chanjo. Mwaka uliofuata nafasi ilipopatikana, kijana mwenye afya aliyeikataa kwa sababu ya video ya WhatsApp, huku akiishi nyumba moja na nyanyake, alikuwa na jambo la kujibu, nami ningemwambia hivyo usoni pake.

Lakini mizigo haitoshani. Mwenye hofu hana kosa sawa na mwenye cheo anayeiuza hofu hiyo. Chama cha Madaktari Wakatoliki Kenya, ambacho tangu 2014 kilikuwa kimepiga vita chanjo ya pepopunda, kiliwaambia watu Machi 2021 kwamba chanjo ya corona haihitajiki. Mwenyekiti wake, Dkt. Stephen Karanja, alipendekeza kujifukiza na dawa ambazo hazikuwa zimethibitishwa. Alifariki kwa corona mwishoni mwa Aprili. Maaskofu wa kanisa lake wenyewe walikuwa wamewaruhusu waumini kuchanjwa. Nakumbuka watu walivyocheka mitandaoni siku ile, na wengine ni marafiki zangu waliochanjwa. Kumcheka maiti kulimfundisha aliyebaki na shaka kwamba upande wetu hauna utu, akarudi kwa wale waliomdanganya kwa sauti ya upole. Daktari yule alikosea vibaya, na wapo waliomwamini. Hayo tuyaseme bila kuficha, na bado tuwape jamaa zake pole.

Novemba 2021 Kagwe alitangaza kwamba kufikia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa kikamilifu hatahudumiwa katika ofisi za serikali. Wakati huo hata mtu mzima mmoja kati ya kumi nchini hakuwa amekamilisha dozi. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo kabla haijaanza kutumika. Niliunga mkono chanjo na nikaunga mkono mahakama, na sioni mgongano. Huwezi kumnyima mama wa Khwisero cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwa sababu ya sindano ambayo zahanati yake ilikuwa bado haijapokea.

Na hatukuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta njia nyingine. Kaunti hii ilikuwa nayo. Tangu 2013, wakati wa Gavana Wycliffe Oparanya, mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, kwa msaada wa UNICEF, uliwapa akina mama wahitaji shilingi 2,000 kwa awamu, awamu sita, kila walipotimiza hatua: kliniki ya mimba, kujifungulia kituoni, chanjo za mtoto. Pesa zile zilikuwa nauli, sabuni, shuka la kwenda nalo wodini. Zilimwambia mama kwamba tunajua wajibu huu una gharama, na hatutakuachia peke yako. Kisha, baada ya chanjo ya malaria kuzinduliwa Homa Bay Septemba 2019, Kakamega ikawa kati ya kaunti nane za majaribio. Dozi nne, za miezi 6, 7, 9 na 24. Chanjo mpya, ya kutoka nje, inayodungwa watoto wachanga, na akina mama waliipeleka miguu ya watoto wao bila askari mlangoni. Malaria walikuwa wameizika kwa mikono yao, na muuguzi walimjua kwa jina.

Kwa hiyo tunaomba mambo mahususi kabla ya janga lijalo. Wahudumu wa afya ya jamii waliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Zilipwe kwa wakati, kwa sababu hao ndio imani yote tuliyo nayo. Maguru wa vijiji waitwe mezani sheria za mazishi zinapoandikwa. Wachungaji wampe muuguzi nafasi baada ya ibada, si ya kutangaza bali ya kuulizwa maswali hadi yaishe.

Ukurasa wa mwisho tumechapisha barua ya msomaji anayepinga karibu yote niliyoyaandika hapa. Tumerekebisha tahajia tu. Nimejaribu kujibu hoja zake mbili. La tatu si hoja bali ni dai: babake alizikwa 2021 kwa haraka, yeye akiwa amezuiwa njiani, na anataka ajue ni ofisi gani itakayosimama mbele ya ukoo wao kumwomba radhi. Nimeipeleka nakala kwa wahusika. Jibu likija, litachapishwa lote.